Aliyebaki Kwenye Kiti

Mlango wa ofisi ya ushauri nasaha ulitazamana na kantini ya chuo, na ubavuni mwake palikuwa na kibanda cha fotokopi. Kwa hiyo hakuna mwanachuo aliyewahi kwenda kupata ushauri nasaha. Wote walikwenda kutoa kopi. Walipanga foleni moja, makaratasi mkononi, na foleni ilipofika mbele mmoja aliingia kulia na mwingine akachepuka kushoto, haraka, kichwa chini. Waliokuwa kantini walikunywa chai yao wakijifanya hawaoni, ingawa viti vilivyoelekea foleni ndivyo vilivyojaa mapema.

Kijana ambaye kwao walimwita Daktari alikuwa ameshatoa kopi za mada ileile ya mifupa ya mguu mara nyingi mno, kwa kuwa kila alipofika mbele moyo ulimsaliti akaingia kulia. Fundi wa fotokopi akamwonea huruma.

"Bwana mdogo," alisema, kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mashine, "leo ni kopi au ni Shangazi?"

Kantini nzima iligeuka. Daktari alitamani ardhi ipasuke immeze. Ardhi haikupasuka, kwa hiyo akaingia kushoto.

Shangazi ndilo jina wanachuo walilompa mshauri wao. Alikuwa mwanamke mpana, mpole, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba, na alikuwa peke yake kwa chuo kizima chenye watu wa kutosha kujaza uwanja wa mpira. Ofisini mwake mlikuwa na viti viwili vya plastiki, feni iliyozunguka ikilalamika, na saa ya mezani aliyoigeuzia upande wake ili mteja asione jinsi muda unavyokwisha.

"Karibu, mwanangu. Sema."

Daktari alisema. Alisema akitazama viatu vyake, tangu mwanzo mpaka mwisho.

Mwaka aliochaguliwa kusomea udaktari, mtaa wao ulimpa cheo kabla chuo hakijampa hata kitambulisho. Mama yake ndiye aliyeanza. Likizo ya kwanza tu, watu walimletea macho ya watoto wao, meno, mizio, na mzee mmoja akamletea mbwa. Naye hakujua kusema sijui. Angesemaje, na mama amekaa pembeni anatabasamu mpaka fizi? Alijifunza kukunja uso, kubonyeza mahali panapouma, na kusema "mh." Bahati ikawa upande wake, maana vitu vingi hupona vyenyewe.

Kisha jioni moja mama alipiga simu. Tumbo lilikuwa linamsumbua, linajaa, chakula hakipiti vizuri. Wakati huo Daktari alikuwa amesoma mifupa tu, na tumbo la mama yake halikuwa na mfupa. Wenzake wa chumbani walikuwa wanasikiliza. Akakunja uso pale pale kwenye simu, ingawa mama hakuweza kumwona.

"Ni gesi tu, mama. Punguza maharage, kunywa maji ya uvuguvugu. Itapita."

"Asante, Daktari wangu," mama alisema.

Mama alipunguza maharage na kunywa maji ya uvuguvugu mpaka nguo zikaanza kumpwaya. Siku dada mtu alipomburura kwenda hospitali, waliambiwa ni uvimbe, na waliambiwa pia neno ambalo watu wa hospitali huwaambia watu: mngewahi. Tangu siku hiyo Daktari hakwenda nyumbani. Simu ya dada ikiita, aliitazama mpaka inyamaze. Kwenye chumba cha mtihani mikono ilimtetemeka hata jina lake likamshinda kuandika.

"Mimi ndiye niliyemwambia asubiri," alimaliza. "Na hakuna anayejua ila mimi na yeye."

Shangazi alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alikuwa na mengi ya kumwambia kijana huyu, na aliyajua yote, alikuwa amesomea. Lakini saa ilikuwa inamtazama yeye, na nje foleni ilikuwa imefika kwenye ndoo za kantini. Akasema neno alilowaambia wote, kwa sababu ndilo lililoenea kwenye muda uliopo.

"Hilo liache hapa, mwanangu. Niachie mimi. Wewe nenda darasani."

Daktari alishusha pumzi ndefu. Akasimama, akajipangusa suruali, akasema asante Shangazi, akatoka akienda darasani na kopi zake za mifupa.

Daktari pia alibaki amekaa.

Aliutazama mgongo wake ukipita mlangoni, umenyooka, shati limekaa vizuri mabegani. Hakujua kwamba kwa nyuma alikuwa anapendeza kiasi kile. Mikono aliyobaki nayo ilikuwa bado inatetemeka, akaibana katikati ya magoti.

"Pole," alisema Shangazi, bila kumtazama usoni. "Wewe pita huku nyuma, nimwite mwingine."

Nyuma ya pazia palikuwa na chumba kilichowahi kuwa stoo ya vifaa vya michezo. Kwenye mabenchi yaliyopangwa kuzunguka ukuta walikaa waliobaki wengine: wa uhandisi, wa sheria, wa ualimu, msichana mmoja ambaye mwenzake aliyetoka alikuwa kiongozi wa wanafunzi na picha yake ilikuwa imebandikwa kila nguzo, na jamaa mrefu wa mpira wa kikapu aliyekunja miguu yake kwa adabu ili isizibe njia. Walisogea kidogo, akapata pa kukaa. Hakuna aliyemuuliza kilichomleta. Hiyo ndiyo iliyokuwa heshima ya chumba kile, kwamba kila mtu alijitazamia magoti yake. Kusema kweli, hata wangetaka kutazamana isingewezekana. Wote walikuwa na aibu ya kutosha kujaza mtaa.

Mchana Shangazi aliwaletea mkate kutoka kwenye mkoba wake mwenyewe. Aliugawa kimyakimya. "Mnisamehe," alisema kila alipofika kwa mtu. "Niko mwenyewe, mnaona."

Walikuwa wanaona, wakasema hakuna shida.

Dirisha la stoo lilielekea njia ya madarasa. Aliyebaki alimwona aliyetoka akipita kila asubuhi na marafiki, kicheko juu, nywele zimekatwa upya. Alifaulu mifupa, akafaulu misuli, akaingia tumbo akalimaliza kwa alama za kupigiwa makofi. Siku moja macho yao yalikutana. Aliyetoka hakushtuka. Alimpungia mkono vizuri tu, kama mtu anavyompungia mwenye nyumba wake wa zamani, akaendelea na safari. Aliyebaki alirudi benchi akiwa amelowa jasho, kana kwamba yeye ndiye aliyefanya jambo baya.

Mkuu wa chuo alikuwa mtu wa kupenda kusimama jukwaani. Kila mkutano alitangaza kwamba chuo chake hakina hata mwanafunzi mmoja mwenye matatizo, na ukitazama ukumbini, wale waliokaa mle, ilikuwa kweli tupu. Habari zilisambaa. Vyuo vingine vikaomba kuja kujifunza. Siku wageni walipokaribia, mkuu alipita mwenyewe kukagua vyumba, akafunua pazia, akasimama mlangoni mwa stoo. Waliobaki wote waliinama. Mkuu aliwahesabu kwa macho, au labda alikuwa anahesabu mabenchi, kwa sababu alipotoka alimwambia Shangazi:

"Wageni watakaa wapi? Mabenchi haya yanahitajika ukumbini."

Shangazi alikaa na neno hilo tangu asubuhi mpaka jua linapinda. Ndipo alipoingia, akasimama katikati, akavua miwani ili asiwaone sawasawa.

"Wanangu," alisema, "nendeni nyumbani. Mkiulizwa, semeni ni likizo. Piteni geti la nyuma, tafadhali." Akaanza kulia, kisha akakumbuka kuna mtu anamsubiri ofisini, akaacha.

Walitoka mmoja mmoja wakiacha nafasi kati yao, kama watu wasiofahamiana. Jamaa wa kikapu ndiye aliyesaidia kubeba mabenchi.

Aliyebaki alisafiri siku nzima mpaka akafika kwao. Alimkuta dada yake amesimama mlangoni, simu sikioni, uso umekunjuka.

"Umefaulu tena? Hongera, mdogo wangu! Mama atafurahi huyu!" dada alikuwa anasema. Kisha akamwona aliyesimama uani na begi lake dogo. Akamtazama juu mpaka chini. "Subiri kidogo," alisema kwenye simu, "umefika." Akasikiliza. "Eh, upo hapa uani. Umekonda. Haya, soma, tutaongea."

Akakata simu.

"Wewe ndiye yupi?" aliuliza.

"Mimi ni aliyebaki."

"Ingia ndani basi, watu wasikuone hivyo. Mama anatakiwa kugeuzwa ubavu na mgongo wangu umekufa."

Hakuuliza zaidi. Nyumba ya tatu kutoka kwao walikuwa na mhandisi wao wa namna hiyo, alirudi akakaa chumba cha nyuma, na wa mbele akawa anaonekana kwenye picha tu. Watu walishazoea.

Mama alikuwa amelazwa sebuleni, godoro limesogezwa dirishani apate hewa. Alikuwa amebaki kidogo sana, lakini macho yalikuwa yaleyale.

"Daktari wangu," alisema.

Aliyebaki alipiga magoti pembeni ya godoro. Alikuwa amelipanga jambo hili njia nzima, na sasa maneno yote mazuri yalimkimbia, akabaki na lile moja.

"Mama, mimi sikujua. Ile siku ya simu. Nilikuwa sijui chochote, nilikuwa nimesoma mifupa tu. Nilikudanganya."

Dada alikuwa jikoni, sufuria zinagongana.

"Nilijua," mama alisema. "Wewe ukidanganya unaongea taratibu, tangu mdogo."

"Sasa kwa nini hukwenda hospitali?"

"Ningekwendaje? Mtaa mzima wanajua nina daktari wangu. Wangesema nini? Kwamba hata mama yake hamwamini?" Akavuta pumzi kwa shida. "Nilikuonea haya wewe. Nikasema ngoja kidogo, labda kweli itapita."

Aliyebaki aliweka paji la uso kwenye ukingo wa godoro. Alikuwa amekuja na aibu moja, sasa zilikuwa mbili, na hii ya pili hakuwa hata na mahali pa kuishikia.

"Wale wa hospitali waliuliza nani alikwambia usubiri," mama aliendelea. "Nikasema hakuna, ni ubishi wangu. Na dada yako nimemwambia hivyohivyo. Usimwambie kitu. Ulimi wake unaujua, utafika mpaka sokoni."

"Mama..."

"Yule mwingine anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri. Amefaulu."

"Haya. Ndivyo inavyotakiwa," alisema, akampapasa kichwa. "Wewe niletee maji."

Akamletea maji. Akawa ndiye wa kumletea maji, kumgeuza, kumwosha, kumnyanyua na kumkalisha dirishani aone watu wakipita. Mikono ile iliyoshindwa kuandika jina haikutetemeka kwenye kazi hiyo. Wageni walipobisha hodi, dada alimtupia jicho naye akaingia chumba cha nyuma, kwa sababu haingependeza Daktari aonekane na beseni mkononi na macho mekundu. Kutokea huko alisikia wageni wakiuliza Daktari hajambo, na mama akijibu hajambo, amebanwa na masomo.

Kilichomtesa ni dada. Dada alimpenda mama yake kupita kiasi, na mapenzi yake yalitoka kwa njia ya kugomba. Akimlisha uji, anagomba. Akimbadilisha shuka, anagomba.

"Mama, mimi nilikwambia! Sikukwambia? Twende hospitali, twende hospitali, wewe unakunywa maji ya uvuguvugu. Ubishi wako ndio uliotufikisha hapa!"

"Kweli, mwanangu," mama alijibu. "Mimi mbishi."

Kila mara aliyebaki alifungua mdomo, na kila mara mama alimkata jicho kutokea kwenye mto, akaufunga. Alijiona mwoga, na alikuwa mwoga kweli. Mpaka asubuhi ile mama alipokata roho, dada alikuwa amesimama na bakuli la uji, katikati ya sentensi kuhusu ubishi.

Msiba ulijaa. Viti vilipangwa uani chini ya turubai, chai ikachemshwa kwenye sufuria za kuazima. Aliyetoka alifika kabla ya mchana, shati limenyooka, tai nyeusi, daktari kamili kwa kumtazama, na watu wakampisha njia. Mjomba, kaka wa marehemu, aliwatazama wote wawili, mmoja kisha mwingine, akafikiria itifaki.

"Mwenye tai akae mbele apokee pole," aliamua. "Wewe mwingine saidia vikombe."

Basi mmoja akapokea pole na mwingine akapokea vikombe. Aliyetoka alikuwa hodari. Alimshika kila mtu mkono kwa mikono miwili, akakumbuka majina, akaulizia watoto. Yule mzee wa mbwa alipotaka kujua hasa mama alikufa na nini, alimweleza kwa lugha safi na ya upole ambayo hata wenye kulia walinyamaza kuisikiliza.

"Ni ugonjwa ambao ungewahiwa, ungetibika," alimaliza. "Bahati mbaya alichelewa kufika hospitali."

"Mama alikuwa mbishi," dada alisema, huku machozi yanamtoka. "Nilimwambia, nilimwambia, akakataa. Alikuwa mbishi jamani."

Aliyetoka aliitikia kwa kichwa, kwa huzuni inayofaa, na usoni pake hapakuwa na doa lolote. Hakuwa anaficha kitu. Hakuwa nacho.

Aliyebaki alikuwa amesimama karibu na ndoo ya kuoshea, vikombe viwili mkononi. Mama hakuwepo tena wa kumkata jicho. Akavitua vikombe.

"Si kweli," alisema. "Ni mimi niliyemwambia asubiri. Alinipigia simu nikamwambia ni gesi, na sikujua kitu. Hakuwa mbishi. Alinisikiliza mimi."

Watu walimtazama yeye, kisha wakamtazama mwenye tai, ambaye naye alikuwa anamtazama kwa makini na huruma, kama anavyomtazama mgonjwa.

"Amechoka huyu," mwenye tai alisema taratibu. "Ndiye aliyemuuguza."

"Ni kweli, uchovu," mjomba alisema, akasimama. "Jamani, mpelekeni ndani akapumzike. Mwanangu, umefanya kazi kubwa, kalale."

Wakampeleka kwa heshima zote. Mtu mmoja alimshika bega, mwingine akambebea ndala. Jirani mwenye mhandisi alimnong'oneza kwamba wa kwao naye ndivyo, kwenye misiba husema ovyo, lakini ana moyo mzuri. Wakamlaza chumba cha nyuma na kumfungia dirisha nusu, jua lisimsumbue.

Baadaye kidogo dada aliingia. Alifunga mlango, akakaa kitandani upande wa miguuni, akakung'uta makombo yasiyokuwepo kwenye kanga yake.

"Ulichosema ni kweli?"

"Kweli."

"Mama alijua?"

"Alijua tangu siku ya kwanza. Alikuonea haya kukwambia. Alinionea haya mimi."

Dada hakugomba. Aliyebaki alikuwa amejikaza kusubiri kugombezwa, hata alitamani, na dada akakaa tu, mdomo wazi kidogo, akitazama ukuta.

"Mimi nilimgombeza," alisema mwisho. "Kila siku. Na uji mkononi. Hata siku ile."

"Nilisikia."

"Na yeye ananiambia kweli mwanangu." Akajifunika uso kwa mikono. Alilia kwa namna ambayo hakuwa amelia uani. Ya uani ilikuwa na maneno, hii haikuwa na hata moja. Aliyebaki hakujua la kumfanyia. Akaushika mguu wake, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu.

Nje wakaanza kumwita. Wageni wengine walikuwa wamefika, watu wa chuoni kwa mwenye tai, wenye gari zuri, na hakuna mwanamke wa nyumba wa kuwapokea. "Dada mtu yuko wapi?" mjomba aliuliza. "Dada mtu!"

"Abee!" dada aliitikia.

Akasimama, akafuta uso kwa pindo la kanga, akajitazama kwenye kioo kidogo cha ukutani mpaka akaridhika. Akafungua mlango, akatoka. Hatua zake zilisikika zikivuka korido, na sauti yake ikafika mpaka chumbani, kavu, ya ukarimu.

"Karibuni, karibuni jamani. Tumeshapoa. Mama alikuwa mbishi tu, hakutaka hospitali."

Dada alikuwa bado amekaa kitandani, upande wa miguuni, amejifunika uso. Aliyebaki alisogea ukutani, akampa nafasi.